Muhuri Husomwa Kinyume

Chukua muhuri wa kijiji au wa chama chako cha ushirika, uutazame usoni. Maandishi yamegeuka, kama yaonekanavyo katika kioo. Maarifa hayo ni ya kale. Zaidi ya miaka 5000 iliyopita watu wa nchi iitwayo leo Iraki walichonga mihuri ya mawe kinyume, wakaibiringisha juu ya udongo mbichi, na nakshi ikatokea sawasawa.

Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza ya kuimarisha mpira kwa moto na salfa; baadaye mihuri ya mpira ikaenea. Mwaka 1960 Theodore Maiman, huko huko Marekani, aliwasha leza ya kwanza. Siku hizi mwali wake huchonga mpira badala ya kisu.

Nasi tuna kisa chetu. Mwaka 2012 Mpanda ilitoka Mkoa wa Rukwa, ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Muhuri wenye jina la Rukwa haukufaa tena.

Basi, ukimpelekea fundi mchoro, uwe mweusi na mweupe tu, bila kivuli, na mistari isiwe myembamba mno. Kabla ya kuchonga, ugeuzwe kama katika kioo, kisha weusi na weupe vibadilishane. Maana leza huchoma penye weusi, nazo herufi hazina budi kubaki zimeinuka.

Usome kila herufi mapema. Kosa la karatasi hufutika. La mpira halifutiki, na atakayerudishwa na barua yake ni mwananchi asiye na hatia.