Thamani ya Kito: Kutoka Kitabu cha al-Biruni Hadi Milima ya Mahenge

 

Anayetoka Ifakara kwenda kusini huvuka mto Kilombero, kisha hupanda milima ya Mahenge. Nyuma yake ameacha bonde la mpunga na miwa. Mbele yake yako machimbo ya vito. Bondeni, bei ya gunia la mchele inajulikana kwa mkulima, dalali na mpishi. Milimani, mawe mawili yenye uzito mmoja yaliyotoka katika shimo moja hupishana bei kwa mbali sana, na mara nyingi aliyeyachimba ndiye asiyejua. Tumeona ni vyema kueleza ni kitu gani hulipa jiwe thamani yake, na wanazuoni wetu walisema nini juu ya biashara hiyo.

Mpunga na kito

Mafaqihi waligawa mali mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mithli, yaani mali ambayo sehemu yake moja hukaa badala ya nyingine, kama nafaka inayopimwa. Aliyeharibu gunia la mpunga wa mwenziwe hulipa gunia mfano wake. Fungu la pili ni qimi, mali ambayo kila kipande chake kina hali yake. Kito kimo katika fungu hili. Hakina mfano wake kamili, basi aliyekiharibu hulipa thamani, na thamani hiyo hukadiriwa na watu wa ujuzi.

Kwa hiyo mzani peke yake hautoshi. Neno karati lenyewe lina asili katika mzani: ni qirat ya Waarabu, nalo limetokana na neno la Kiyunani la mbegu ya mkharubu iliyotumika kupimia vitu vidogo. Mwaka 1907 mataifa yalikubaliana kuwa karati moja ni gramu 0.2. Lakini juu ya uzito wafanyabiashara hutazama rangi, usafi wa ndani na ubora wa mkato. Mambo haya manne yalienezwa duniani na taasisi ya GIA ya Marekani tangu katikati ya karne ya 20. Almasi moja ya karati mbili huwa ghali kuliko mbili za karati moja moja zenye sifa zilezile, kwa kuwa kubwa ni adimu.

Mfano uko nchini kwetu. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua mgodi wa Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Ilipokatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilipotea, na thamani ikapanda.

Jina na matamanio

Sifa hizi nazo hazitoshi mpaka watu walitake jiwe, na matamanio ya watu hubadilika. Abu Rayhan al-Biruni, aliyefariki karibu na mwaka 1048, aliandika kitabu kizima juu ya vito, al-Jamahir fi Ma'rifat al-Jawahir. Humo aliiweka yakuti mbele ya vito vingine, na akaeleza kuwa watu wa Iraq na Khurasan waliitumia almasi zaidi kutobolea mawe mengine. Jiwe lililokuwa chombo cha fundi leo ni pambo la maharusi. Kilichobadilika ni soko. Almasi zilipopatikana kwa wingi Afrika Kusini baada ya mwaka 1867, kampuni ya De Beers, iliyoundwa mwaka 1888, ilishika uuzaji na kuzuia zisijae sokoni, kisha katika karne ya 20 matangazo yakawafundisha watu kwamba posa haitimii bila almasi.

Al-Biruni pia alitofautisha yakuti na la'l ya Badakhshan, jiwe jekundu linalofanana nayo lakini laini zaidi. La'l hiyo ndiyo leo huitwa spineli. Wengine hawakuwa makini kama yeye: jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza liliitwa yakuti kwa karne nyingi, kumbe ni spineli.

Na spineli ndiyo iliyoipa Mahenge jina. Mwaka 2007, huko Ipanko, yalipatikana mawe makubwa mno, moja likitajwa kuwa na kilo 52. Sehemu ndogo tu ya mawe hayo ilifaa kukatwa, lakini wekundu wake wa waridi uliwavuta wanunuzi wa dunia, na bei ya spineli ikapanda.

Nani anaijua bei?

Hapa ndipo penye mtihani. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya almasi za Mwadui ya karati 71,654. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola za Marekani milioni 14.8, tathmini mpya ya Serikali ikataja milioni 29.5. Kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi mgodini, ilikanusha kushusha thamani, ikasema kuwa tathmini hufanywa na wathamini wa Serikali. Ikiwa dola na kampuni, pamoja na wataalamu wao, hupishana namna hii, itakuwaje kwa mchimbaji mdogo mwenye tochi na njaa?

Mtume (s.a.w.) alipoombwa kupanga bei mjini Madina alikataa. Lakini pia alikataza watu kutoka kwenda kuwapokea wenye misafara kabla hawajafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni ana khiyari ya kuvunja biashara. Tunaona dalali anayemngoja mchimbaji kwenye mdomo wa shimo, akijua bei ambayo mwenziwe haijui, yuko karibu sana na katazo hilo.

Mafaqihi wa Kishafi'i walisema aliyenunua kioo akidhani ni johari, bila kudanganywa, hana khiyari, kwa sababu amezembea kuuliza. Wahanbali walimpa khiyari asiyejua bei, aliyemwamini mwenziwe akapunjwa kupita kiasi. Ama mwenye kuficha kasoro, au kuuza almasi iliyotengenezwa kiwandani kwa jina la ile ya ardhini, huyo ni mdanganyifu kwa madhehebu yote.

Zaka

Kito cha kuvaa hakina zaka. Mchimbaji, kwa Imamu Shafi'i, hatoi zaka ya madini ila katika dhahabu na fedha. Kwa Wahanbali hutoa robo ya kumi ya thamani ya vito pia, ikifika nisabu. Dalali aliyenunua kito kwa nia ya kukiuza ana mali ya biashara: mwaka ukitimia atakithamini kwa bei ya soko ya siku ile, na atatoa asilimia 2.5. Bei aliyomlipa mchimbaji si hoja.

Tangu mwaka 2019 Serikali imeanzisha masoko ya madini katika mikoa. Nasaha yetu kwa maimamu wa Ifakara na Mahenge ni kuwahimiza wachimbaji wasiuze kabla ya kufika sokoni na kumuuliza zaidi ya mjuzi mmoja, na kuwakumbusha madalali kwamba kunyamaza juu ya wanachokijua kuna hesabu yake. Mkulima wa mpunga hulindwa na bei inayojulikana na wote. Mwenye kito hana ngao ila elimu na uaminifu wa anayemnunulia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.