Akili Ilipopandishwa Mizani

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, waliotaka kuielewa akili ya mwanadamu walitegemea kutafakari na kujadiliana. Aristotle, katika Ugiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza jinsi wazo moja linavyoliita jingine kwa kufanana nalo, kupingana nalo au kuwa jirani yake, na maelezo hayo yangali na maana. Lakini pia aliamini kwamba makao ya hisi na fikra ni moyo, na kwamba kazi ya ubongo ni kupoza damu. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, aliufuata mkondo wa Galen, tabibu wa kale, akaiweka kumbukumbu ubongoni, katika uwazi wa sehemu ya nyuma. Vichwa vya watu hawa vilikuwa vikali. Walichokosa ni njia ya kuamua nani amekosea pale wenye hekima wawili walipopingana.

Njia hiyo ilianza kupatikana Ujerumani. Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Wilhelm Wundt alianzisha maabara iliyokusudiwa kuchunguza akili peke yake. Humo walipima muda unaopita tangu mtu asikie sauti hadi aibonyeze swichi, na wanafunzi waliovuka bahari kuja kujifunza kwake walirudi Marekani kufungua maabara zao.

Miaka hiyohiyo Hermann Ebbinghaus alikuwa akifanya jambo gumu zaidi, peke yake. Alitaka kupima kusahau. Alijua kwamba shairi au hadithi hushikika kirahisi kwa sababu ya maana yake, basi akatunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha na kuzikariri kwa mwendo ulio sawa. Baada ya muda alijifunza tena orodha ileile na kuhesabu ni kazi kiasi gani ameokoa mara ya pili. Matokeo aliyochapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba baada ya saa moja alikuwa ameokoa chini ya nusu ya kazi. Baada ya siku moja, kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yale yanayorundikwa mara moja. Mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani anashindana na kanuni iliyothibitishwa zaidi ya karne moja iliyopita.

Hisia zilikuwa ngumu zaidi kuzishika. Mwaka 1884 William James wa Harvard aliwashangaza wasomaji wake kwa kusema kwamba mwili hutangulia: moyo hudunda na miguu hukimbia, na hofu ni jinsi tunavyoyahisi mabadiliko hayo. Mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark alitoa hoja iliyofanana na hiyo. Nadharia hii ilivutia, lakini mwaka 1927 Walter Cannon, naye wa Harvard, aliijibu kwa majaribio. Wanyama waliokatwa neva ziletazo mabadiliko ya viungo vya ndani waliendelea kuonyesha ghadhabu. Tena moyo hudunda vilevile katika hofu, katika hasira na hata katika homa. Mwili pekee utazitenganishaje? Ubishi huo haujaisha kabisa, lakini tangu hapo kila upande ulilazimika kuleta ushahidi.

Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao huko California walionyesha jinsi hisia na kumbukumbu zinavyoshikana. Watu walisimuliwa kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Kwa kawaida sehemu ya kutisha ya kisa hicho ndiyo hukumbukwa zaidi, lakini waliokuwa wamepewa dawa inayozuia kazi ya adrenalini hawakupata nyongeza hiyo. Homoni za mshtuko, kwa hiyo, husaidia kulikaza tukio ubongoni.

Kukazwa huko hakumaanishi kwamba tukio hubaki lilivyokuwa. Frederic Bartlett wa Cambridge aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, akawataka waisimulie tena na tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 alionyesha jinsi ilivyobadilika: mitumbwi ikawa mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mambo ya mizimu yasiyoeleweka yakaachwa. Kila msimulizi aliijenga upya kwa kile alichokijua kwao. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipobamizana, wengine hamsini yalipogongana. Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza 16 walisema ndiyo. Katika la pili, 7. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hakimu na mpelelezi wanapaswa kuyajua haya, kwani shahidi mkweli anaweza kuapa kwa moyo safi juu ya jambo ambalo halikutokea.

Mtu aliyeifundisha sayansi hii kuliko wengi hakuwa msomi. Henry Molaison aliteswa na kifafa tangu utotoni. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo wake, pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini Molaison, akiwa na miaka 27, alipoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono wake uliboreka, ingawa kila siku aliamini hajawahi kuifanya kazi hiyo. Hapo ikadhihirika kwamba kumbukumbu si moja: ile ya matukio ina makao yake, na ile ya ustadi wa mikono ina yake.

Katika miaka hiyohiyo Afrika Mashariki ilishuhudia sura mbili za sayansi hii. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeisimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Ndani yake alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alitegemea mno wagonjwa waliofikishwa hospitalini na maandishi ya Wazungu wenzake. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na uasi wa watu waliopokonywa ardhi ukageuzwa kuwa msukosuko wa akili.

Mwaka huohuo wa 1954 Mary Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Kwa miezi kadhaa aliketi na akina mama, akaandika lini mtoto analia, anamfuata nani, na anathubutu kwenda umbali gani mama akiwapo. Kutoka vijiji hivyo vya Buganda, si kutoka Ulaya, uliota uchunguzi wake juu ya mshikamano wa mama na mtoto, ambao leo hufundishwa vyuoni kote duniani. Kilichowatenganisha wawili hawa ni utaratibu wa kazi: mmoja alikuja na jibu akalitafutia mifano, mwingine aliangalia kwanza.

Somo hilo limerudi kuisumbua fani nzima ya saikolojia. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Robert Sternberg na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 2001, huko Usenge magharibi mwa Kenya, kwamba watoto waliozijua zaidi dawa za mitishamba mara nyingi walipata alama ndogo katika mitihani ya mtindo wa shule; yaani kipimo cha namna moja kinaweza kuukosa ujuzi wa namna nyingine. Kisha mwaka 2015 kundi la watafiti lilirudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa. Kati ya zile za awali, 97 zilidai matokeo yenye uzito kitakwimu. Katika marudio, asilimia 36 tu ndizo zilizosimama.

Wapo walioiona hiyo kuwa aibu. Mimi naiona kuwa heshima kubwa ya fani hii, maana fani iliyotufundisha kuishuku kumbukumbu ya shahidi ilipata ujasiri wa kujishuku yenyewe mbele ya watu wote. Madai kuhusu akili za watoto wetu, mashahidi wetu na wagonjwa wetu yataendelea kutufikia yakiwa na vyeo na mihuri. Tunayo haki ya kuuliza ni nani waliopimwa, kwa kipimo gani, na nani amerudia akapata yaleyale. Na tunao wajibu wa kuwasomesha vijana wetu waje kupima wenyewe, kwa sababu jibu la Carothers lilipata nafasi pale ambapo waliosemwa hawakuwa na kipimo mkononi.