Mtihani wa uraia wa Marekani
Mtihani wa uraia wa Marekani hufanywa na mkaazi wa kudumu anayeomba uraia wa nchi hiyo. Husimamiwa na idara ya uraia na uhamiaji, USCIS. Maswali ya historia na serikali huulizwa na ofisa, na mwombaji hujibu kwa mdomo. Orodha ya 2008 ina maswali 100: huulizwa hadi 10, na 6 sahihi yanatosha. Waliowasilisha maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 hutahiniwa kwa orodha ya maswali 128. Huulizwa hadi 20, na lazima wapate 12.

Maswali na majibu yako wazi kwa kila mtu, kwa hiyo wengi hujisomea kwa kadi: mbele, kwa nini bendera ina mistari 13, nyuma, makoloni 13 ya mwanzo. Kukariri tu hakutoshi, kwani jina la gavana au seneta hubadilika baada ya uchaguzi. Anayeelewa kazi ya Bunge la Congress hujibu kwa utulivu zaidi.

Kiingereza hupimwa pia, kwa kuzungumza, kusoma na kuandika. Mwenye miaka 55 aliyekuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 15 husamehewa sehemu hiyo, na huleta mkalimani. Huu ni utaratibu wa haki kabisa: bibi aliyetoka Kongo aweza kuieleza Katiba ya 1787 kwa Kiswahili chake. Anayeshindwa hurudia sehemu aliyoanguka, kati ya siku 60 na 90 baadaye.