Kihamba cha Wachagga na Utunzaji wa Rutuba Pasipo Mbolea ya Chumvichumvi

Katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, baina ya futi 3,000 na 6,000 hivi juu ya usawa wa bahari, Wachagga wamelima kwa vizazi vingi bustani zinazozunguka nyumba zao. Bustani hizo huitwa vihamba. Kihamba si shamba. Shamba, kwa matumizi ya Wachagga, ni ardhi ya tambarare iliyo chini ya mlima, ilikolimwa ulezi zamani na mahindi baadaye. Kihamba ni mahali pa kukaa, pa kurithi na pa kuzikwa, na mipaka yake huonyeshwa kwa masale. Yafaa tofauti hii ishikwe tangu mwanzo, kwa maana rutuba ya kihamba haieleweki pasipo shamba.

Kwa kawaida husemwa kwamba ardhi ya Kilimanjaro ina rutuba kwa kuwa ni ya volkano. Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Ardhi yo yote ilimwayo mwaka hata mwaka bila kupumzishwa huchoka, na migomba ni mimea ilayo sana. Kilichoihifadhi ardhi hii ni kazi, wala si ukarimu wa mlima peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe hawakuchungwa mlimani, bali walifungwa. Na zamani walilala ndani ya nyumba pamoja na watu. Walilishwa majani na vigogo vya migomba, na zaidi ya hayo majani yaliyokatwa tambarare na kupandishwa mlimani, mara nyingi kwa vichwa na migongo ya wanawake. Mavi ya ng'ombe pamoja na matandiko yao yaliwekwa yakaoza, kisha yakafukiwa mashinani mwa migomba. Majivu ya jikoni na maganda ya ndizi yalirudi udongoni vile vile. Juu ya migomba ilisimama miti kama mfuruanje, ambao ni wa jamii ya mikunde na huongeza naitrojeni ardhini, na msesewe, ambao gome lake hutiwa katika pombe ya mbege. Chini yake yalikuwa magimbi, viazi vikuu na maharage. Kivuli kiliufunika udongo, na mvua kubwa haikuuchukua.

Wasafiri wa karne ya 19 waliiona nchi hii ikiwa tayari imetengenezwa. Johannes Rebmann alifika mwaka 1848. Harry Johnston alikaa Moshi mwaka 1884. Walikuta migomba mingi na mifereji ya maji iliyochimbwa na wenyeji kwa ustadi. Mifereji hiyo, iitwayo mifongo, ilikuwa na kanuni zake za zamu na za usafishaji.

Mwishoni mwa karne hiyo wamisionari walileta kahawa. Mgeni huyu hakuivunja nyumba. Alikubali kukaa chini ya migomba. Wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, mwaka 1925, na mwaka 1933 ukafuata ushirika wa K.N.C.U. Lakini kahawa ilikuwa na maradhi yake, hasa kutu ya majani na, tangu miaka ya 1960, chulebuni. Ndipo dawa za shaba zilipoingia kihambani kwa wingi. Shaba haiozi kama samadi. Ikishaanguka hukaa udongoni, na mwaka wa pili huongezwa nyingine juu yake.

Mabadiliko hayo yameacha alama katika lugha. Palipotosha neno mbolea peke yake, palihitajiwa maneno ya kupambanua. Samadi, lenye asili ya Kiarabu, likabaki kwa mavi ya wanyama. Mboji likashika majani na takataka zilizooza. Na kwa kitu kipya kilichotoka kiwandani watu wakasema mbolea ya chumvichumvi, kwa kuwa punje zake zafanana na chumvi. Dawa nalo, ambalo ni neno la kuponya, likapewa kazi ya kuua: dawa ya wadudu, dawa ya magugu. Mkulima asemaye kwamba shamba lake "limezoea dawa" ametumia lugha ya mgonjwa, na pengine amesema kweli kuliko alivyokusudia.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1984 na Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe ulihesabu aina zaidi ya 100 za mimea katika vihamba, ambavyo kwa wastani havikuzidi ekari 2 kimoja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani duniani. Heshima hiyo yastahili. Hata hivyo, si vema kukiona kihamba kama msitu ujilishao wenyewe.

Kwa desturi kihamba kilirithiwa na mwana wa kwanza na wa mwisho, na wana wa kati walitafutiwa ardhi nyingine. Ardhi mpya ilipokwisha, vihamba vilikatwa vipande. Tambarare nayo iligeuzwa kuwa mashamba makubwa na makonde ya mahindi, yakapungua majani ya kukatwa. Majani yakipungua, ng'ombe hupungua. Ng'ombe wakipungua, samadi haitoshi. Na vijana waliokwenda mjini hawapo kuibeba hata hiyo iliyopo. Baada ya mwaka 1989, mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika na bei kuanguka, wengi walishindwa kununua dawa, na baadhi waling'oa mibuni. Lakini kuacha dawa kwa kukosa fedha hakukuwa kurudi kwenye kilimo cha wazee, kwa kuwa mzigo wa majani haukurudi.

Hilo ndilo funzo la historia hii kwa wale wasifuo kilimo cha asili. Wazee wa Uchagga hawakuiachia ardhi ijitunze. Walichokitoa walikirudisha, na kilichopungua walikifuata bondeni, wakakipandisha kwa miguu.