Daraja la Cefn Coed: Mpindo na Matofali

Kaskazini kidogo ya mji wa Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, daraja la reli la mawe limevuka bonde la mto Taf Fawr. Lina matao 15, kila tao likiwa na upana wa mita 12 hivi. Urefu wake ni mita 235, na kimo chake kutoka mtoni ni karibu mita 35. Mgeni halitazami muda mrefu kabla hajaona jambo la ajabu: limepinda. Wahandisi hupenda kukatiza bonde kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa mpindo huongeza hesabu, kazi na gharama. Mpindo huu haukutokana na mto wala mlima.

Merthyr ulikuwa mji wa chuma. Mawe ya chuma, makaa ya mawe na chokaa vilipatikana pamoja, na maji ya mto yaliendesha mitambo. Viwanda vinne, Dowlais, Cyfarthfa, Plymouth na Penydarren, viliufanya uwe mji mkubwa kuliko yote ya Wales katika sensa ya 1801. Hapo ndipo Richard Trevithick, mwaka 1804, alipoendesha gari la mvuke lililovuta tani 10 za chuma juu ya reli. Hapo pia ndipo wafanyakazi walipoinuka mwaka 1831 kwa ajili ya ujira na madeni. Wanajeshi waliwafyatulia risasi, na kijana aliyejulikana kama Dic Penderyn akanyongwa Cardiff.

Kwa hiyo Kampuni ya Reli ya Brecon na Merthyr, ilipotaka kuingia mjini katika miaka ya 1860, iliingia himaya ya watu. Robert Thompson Crawshay, bwana wa Cyfarthfa, hakukubali reli ikatize ardhi yake. Mwenye nguvu mpishe: wahandisi Alexander Sutherland na Henry Conybeare wakaizungusha njia, na daraja likapinda pamoja nayo. Conybeare hakuwa mgeni wa kazi nzito. Kabla ya hapo alikuwa amebuni mradi wa maji wa Vihar uliounywesha mji wa Bombay.

Mwashi naye aliacha alama yake. Daraja lilikusudiwa kuwa la mawe matupu. Februari 1866 waashi wa mawe waligoma. Kampuni haikuwasubiri, ilinunua matofali 800,000 na kuwaweka mafundi wa matofali wamalizie matumbo ya matao. Mwaka huohuo mkandarasi Thomas Savin alifilisika, lakini mwishoni mwa Oktoba daraja lilikuwa limekamilika, kwa gharama ya pauni 25,000 hivi. Miaka miwili baadaye reli ilifika Merthyr.

Vitabu vingi vya madaraja huwapa wahandisi sifa zote. Kwa daraja hili nadhani hilo ni kosa. Umbo lake liliamuliwa na tajiri aliyekataa kutoa ardhi, na mwili wake ukaamuliwa na vibarua waliokataa kufanya kazi.

Crawshay alifariki mwaka 1879, baada ya kuona tanuri za Cyfarthfa zikizimwa. Amezikwa Vaynor, jirani na bonde hilohilo, chini ya bamba zito la jiwe lenye maneno matatu tu ya kumwomba Mungu msamaha. Treni za abiria zilikoma kuvuka daraja mwaka 1961. Leo wanaopita juu yake ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wa Taff Trail, njia inayounganisha Cardiff na Brecon.

Ukijaliwa kufika huko, usiishie kupiga picha ukiwa juu. Shuka hadi mtoni, simama chini ya tao lolote, kisha inua macho. Jiwe linapokoma na tofali kuanza, hapo ndipo ulipo mgomo wa 1866.