Huduma za Uzazi na Ubaguzi katika Migodi ya Katanga

Historia ya miji ya migodi ya Katanga yaonyesha kwamba hospitali za uzazi zaweza kuongezeka bila usawa kupatikana. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri kwanza wanaume kwa mikataba mifupi, na wengi wao waliacha wake zao vijijini. Magonjwa na vifo vilizidi, na kutafuta watu wapya kila mara kuligharimu fedha nyingi. Kwa hiyo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilibadili mwendo: ilitoa mikataba ya miaka 3, ikawahimiza wafanyakazi kuja na wake zao na kuzaa kambini.

Mmoja wa waasisi wa siasa hiyo alikuwa daktari Léopold Mottoulle, aliyeieleza katika kitabu cha mwaka 1946. Mja mzito aliongezewa posho na kuzalia hospitalini. Baadaye mtoto alipimwa uzito kwa utaratibu. Vifo vya watoto vilipungua sana, na jambo hilo si dogo. Hata hivyo, shabaha haikuwa mama mwenyewe. Mtoto alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kesho.

Katika mpango huo mlikuwamo ubaguzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa rangi: wanawake wa Kizungu walikuwa na hospitali zao, na Waafrika zao. Wa pili uliwatenganisha Waafrika wenyewe. Haki ya mama ilitokana na mkataba wa mumewe. Mjane, mwanamke asiyeolewa, na mke wa mkulima hawakuwa na mlango huo. Waliobaki kwao ni hospitali za serikali na za misheni, au wakunga wa jadi.

Uhuru wa mwaka 1960 uliondoa sheria za ubaguzi wa rangi, lakini ubaguzi wa pili ulidumu. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliendelea kuhudumia kwanza familia za wafanyakazi wake. Uzalishaji ulipoporomoka katika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kazini kuanzia mwaka 2003, wake zao walijikuta wamesimama pale pale waliposimama jirani zao wasio na kampuni.

Mpango wa uzazi bila malipo, ulioanzishwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, una msingi mwingine: mja mzito haulizwi mumewe ameajiriwa na nani. Lakini msingi huo wahitaji dawa, vifaa, na wakunga wanaolipwa mishahara yao. Vikikosekana, fedha itachukua nafasi ya mkataba wa zamani, na mama maskini atabaki nje kama alivyobaki bibi yake.