Penzi la Sikioni na Penzi la Uwanjani

Mjini Arua, Uganda, kijana akitaka nyimbo huenda kibandani kwa fundi mwenye kompyuta na spika mbili barazani. Anamkabidhi memori kadi ya simu, anataja waimbaji anaowataka, anasubiri. Muda si mrefu anaondoka na Bongo Fleva, rumba ya Kongo na nyimbo za Kilugbara, zote ndani ya kadi ndogo kama ukucha wa kidole. Akivaa hedifoni, penzi linaimbwa sikioni mwake peke yake. Hapo ndipo ninapoanzia ulinganisho wangu, kwa kuwa katika mkoa huohuo wa West Nile ipo sanaa nyingine ya penzi ambayo haijawahi kuimbiwa mtu mmoja.

Tuanze na kipenzi cha vijana. Mwimbaji wa Bongo Fleva Mbosso, yaani Mbwana Yusuf Kilungi wa Kibiti, Tanzania, alianza kung'aa katika Yamoto Band, kundi la vijana lililolelewa na Said Fella kule Temeke, akiwa pamoja na Aslay, Beka Flavour na Enock Bella. Kundi liliposambaratika aliingia lebo ya WCB Wasafi mwaka 2018, na Machi 2021 akatoa albamu ya Definition of Love, yenye nyimbo 12. Mganda Spice Diana naye yumo, katika wimbo wa Yes. Mbosso huimba kwa kubembeleza: sauti yake ni laini, inashuka hadi karibu na mnong'ono, na anayeimbiwa ni "wewe" asiye na jina wala ukoo. Ndiyo siri ya mtindo huu kokote duniani. Paul Anka wa Ottawa alikuwa kijana wa chini ya miaka 20 alipovuma na wimbo wa Diana mwaka 1957, na kila msichana aliyemsikiliza aliweza kujiona ndiye huyo Diana. Maikrofoni ndiyo iliyowezesha hayo, maana bila hiyo mnong'ono haufiki hata safu ya pili ya wasikilizaji.

Wimbo wa Kiswahili haufiki West Nile, kwa mfano Koboko, kama mgeni. Kiswahili kiliingia huku na askari na wafanyabiashara, kikakaa bega kwa bega na Kinubi, lugha ya Wanubi, katika masoko ya mpakani, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Idi Amin, ambaye asili yake ni Wakakwa wa Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa hiyo kijana wa huku anapomsikiliza Mbosso hafuati mdundo tu. Maneno nayo yanamwingia.

Sasa twende arusini kwa Wanubi, iwe Arua au Koboko. Huko ni doluka, ngoma yao. Wanawake wamejifunga vazi la gurbaba, ngoma zinalia, mmoja anatoa wimbo kwa Kinubi na wenzake wanaitikia. Penzi limo, lakini halisemwi kwa kunong'ona. Linasifiwa, linakanywa, pengine linasutwa, na mambo ya ndoa yanatolewa hadharani mbele ya mama, shangazi, wifi na jirani. Mwimbaji hana haja ya kuwa kijana wala mrembo. Heshima yake inatokana na kuyajua maisha ya walio mbele yake.

Tofauti ya msingi, kwa maoni yangu, iko kwa shahidi. Mwimbaji wa albamu anaapa kupenda hadi kufa, na hakuna wa kumuuliza kesho kiapo kimefikia wapi. Wimbo wa doluka unaimbwa mbele ya watu watakaoamka mtaa mmoja na bwana na bibi arusi. Taarabu ya pwani iko upande huohuo: msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, akaenda kumtuza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua ni ubeti gani uliomgusa. Hata adungu, chombo cha nyuzi cha mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ambacho Walugbara wanacho pamoja na Waalur, hupigwa kwa kundi, vikubwa na vidogo vikijibizana.

Hata hivyo sitaki kumdhulumu kipenzi cha vijana. Anampa mvulana wa miaka 16 maneno ya upole ambayo uwanja wa ngoma haumpi. Doluka ni ya watu wazima waliokwisha kuingia katika ndoa. Kijana anayeanza kutetemeka moyoni, asiyejua aseme nini, hana nafasi pale. Albamu inamfundisha kwamba mwanamume anaweza kuomba, kulia na kusema samahani. Hilo si jambo dogo.

Na albamu yenyewe inajua ilikotoka. Wimbo wake mmoja, ambao Mbosso aliuimba na Diamond Platnumz, unaitwa Baikoko, jina la ngoma ya wanawake wa Tanga. Mnong'ono wa studio ulipotaka nguvu ulirudi kuazima uwanjani kwa akina mama.

Hukumu yangu ni hii: albamu inafaa kuanzisha penzi, doluka inafaa kulidumisha, na kijana anayesikia moja tu amepata nusu ya somo. Kwa sasa kadi yake imejaa nusu ya kwanza. Basi wewe uliye Arua au Koboko na simu yenye kurekodi, utakapoalikwa arusi ijayo waombe akina mama ruhusa, urekodi doluka yao kwa adabu, ukaipeleke kwa fundi wa kibandani. Nafasi katika memori kadi bado ipo.